Shamba la mzungu lina albamu, la babu yako lina nini?

Ndugu msomaji, nianze kwa kukuuliza swali dogo, na naomba unijibu kwa dhati hapo ulipo, iwe ni kijiweni, kwenye daladala, au umeliazima gazeti hili kwa jirani aliyelinunua. Jina la baba wa babu yako unalijua? Shamba alilolima lilipakana na nani, na lilimtoka vipi mikononi? Najua wengi mmekaa kimya. Msione haya. Hata mimi ninayeuliza nilikuwa sijui, na aliyenizindua ni mgeni kutoka Ulaya.

Kisa chenyewe ni hiki. Mama mmoja wa Kizungu, umri wa bibi yangu, aliteremka stendi ya Makambako akiwa na begi moja na fimbo. Vijana wa stendi wakamzonga wakidhani anatafuta gari la Songea. Yeye akawa anataja jina la shamba ambalo hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kulisikia. Nikaitwa mimi, kwa sababu pale ninajulikana kuwa ni mwandishi, na Kiingereza changu cha kidato cha nne hakijaota kutu sana.

Alikuwa anatafuta historia ya shamba la babu yake, upande wa Njombe. Shamba hilo, alisema, lilikuwa likipokea wageni wa kulipa, watalii wa enzi hizo waliosafiri na magari yao kutoka Nairobi kwenda Rhodesia na Afrika Kusini. Walilala usiku mmoja au miwili, wakala mayai na siagi ya pale pale, wakaota moto, wakaondoka. Alitaka kujua nyumba ilisimama wapi, nani aliishi humo baada ya babu yake, na kama kuna mtu aliye hai anayekumbuka.

Sasa sikiliza alichokuwa nacho kwenye begi. Albamu ya picha. Daftari la wageni, kila aliyelala ameweka jina, tarehe na alikotoka. Barua za bibi yake. Ramani ya shamba iliyochorwa na mpima ardhi wa serikali ya kikoloni, ikionyesha mipaka, mto, barabara na chemchemi. Mimi mwenyeji, niliyezaliwa humu humu, mkononi nilikuwa na kalamu na daftari jipya. Mgeni ndiye aliyekuwa amekuja na historia ya kwetu begani!

Tulizunguka siku tatu. Siku ya pili, tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa barabara tukila viazi vya kuchemsha, akafungua albamu. Kuna picha ya veranda. Wazungu wanne wamekaa wanakunywa chai, mbwa amelala miguuni, na nyuma yao amesimama Mwafrika mrefu aliyevaa kanzu nyeupe, ameshika sinia. Chini ya picha yameandikwa majina ya wale wanne. Limeandikwa na jina la mbwa. Yule mwenye sinia ameandikwa neno moja tu: "boi".

Ndugu msomaji, mbwa ana jina, mtu hana.

Yule mama alipoona ninaikodolea macho picha ile, naye aliitazama upya, uso ukamwiva. Nakiri hakuwa yeye aliyeandika. Lakini pale ndipo nilipoelewa kwamba kazi tuliyokuwa tunaifanya si ya kumtafutia mtalii kumbukumbu za familia yake tu. Ilikuwa kazi yangu pia, na ni kazi yako.

Mashamba haya yalitoka wapi?

Wapo watakaosema hayo ni ya kale, tuzungumze ajira. Subirini, tutafika kwenye ajira. Kwanza tujue ardhi ya Nyanda za Juu Kusini ilivyogawiwa, kwa sababu wanaoigawa leo wanatumia ujanja ule ule.

Mjerumani alitoa amri mwaka 1895 kwamba ardhi yote ya koloni lake isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya Dola ya Kaisari. Nani alikuwa mwenyewe? Mwenye karatasi. Babu zetu walikuwa na makaburi, mashamba, mizimu na mipaka ya miti, lakini karatasi hawakuwa nayo. Ubena haukukaa kimya. Septemba 1905, wakati wa Vita vya Maji Maji, misheni ya Yakobi karibu na Njombe ilishambuliwa. Vita ilizimwa kwa bunduki na kwa njaa, vyakula vikachomwa, na nchi ikabaki na watu wachache kuliko iliyokuwa nao. Ardhi iliyokimbiwa na wenyewe ikaonekana "tupu".

Mwingereza alipochukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akatunga Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923. Hiyo ilitangaza ardhi yote kuwa ya umma chini ya Gavana, naye Gavana akawa na uwezo wa kumpa mtu haki ya kukaa hadi miaka 99. Mwaka 1925 Wajerumani wakaruhusiwa kurudi, na wengi wakaja Iringa na Mufindi kupanda kahawa na chai. Oktoba mwaka huo huo Lord Delamere, kinara wa masetla wa Kenya, aliwaita masetla wa nchi za jirani mkutanoni Tukuyu. Ndoto yao ilikuwa ni nchi moja ya Wazungu kutoka Kenya kushuka mpaka Rhodesia, na nyanda zetu za baridi zikiwa katikati yake. Miaka ya 1930 Lord Chesham naye akaleta Waingereza wa tabaka la juu kulima upande wa Sao Hill na Mufindi.

Mwaka 1939 vita ilipoanza tena, Wajerumani walikamatwa wakawekwa kizuizini, na mashamba yao yakawa chini ya Mhifadhi wa Mali za Adui. Baada ya vita yaligawiwa upya kwa makampuni na Waingereza. Je, kuna aliyeuliza kama wenyeji wanataka kurudishiwa? Thubutu! Badala yake, mwaka 1949 Shirika la Maendeleo ya Makoloni la Uingereza lilianzisha kampuni ya miwati hapo Njombe, ile ambayo wazee wetu wameiita Tanwat mpaka leo.

Sisemi kwamba kila setla alikuwa shetani. Kuna mjane wa Lord Chesham, Lady Marion Chesham, Mmarekani kwa kuzaliwa, ambaye aliungwa mkono na TANU katika uchaguzi wa 1958 na 1959 akaingia Baraza la Kutunga Sheria, na akawa upande wa Uhuru. Historia ya kweli haiogopi kumtaja mtu kwa wema wake. Inachokataa ni kuandikwa nusu.

Wageni wana makaburi yenye majina

Mfano wa shamba la familia lililopokea wageni upo wazi kabisa. Ukitoka Makambako kuelekea Iringa, ukishapita Mafinga, utafika Kisolanza. Shamba lile limekuwa la familia ya Ghaui tangu miaka ya 1930, na kwa miaka mingi limepokea wasafiri wa barabara kuu. Madereva wa malori ya watalii waendao Cape Town wanalijua kama wewe unavyolijua duka la mtaani kwako. Historia yake imehifadhiwa, na wageni husimuliwa. Sina ugomvi nao hata chembe. Mtu akitunza historia ya nyumba yake anastahili pongezi, na biashara ya kumlaza mgeni ni ajira kwa vijana. Ninachouliza ni hiki: kwa nini sisi hatutunzi ya kwetu?

Tazama Kidugala, si mbali na Makambako. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakimbizi wa Kipolandi waliotimuliwa kwao, wengi wanawake na watoto, waliletwa Tanganyika na kuwekwa kwenye makambi, mojawapo likiwa Kidugala na lingine Ifunda. Waliofia Kidugala walizikwa pale, kaburi kwa kaburi. Watu wa Poland, nchi iliyo ng'ambo ya bahari, wanajua wafu wao wamelala wapi Ubena. Wewe kijana wa Ubena unajua babu zako waliofia Tanga na Morogoro wamelala wapi?

Maana hiyo ndiyo historia ya pili ya mashamba haya, ile isiyo na albamu. Wilaya ya Njombe enzi za Mwingereza ilikuwa ghala la vibarua. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na fedha kwetu haikuwepo, kwa hiyo mwanamume alikwenda kuitafuta kwenye mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Njombe ikawa moja ya machimbo yao makubwa ya watu. Aliyeandikishwa alipewa namba, na ndiyo asili ya neno "manamba". Alifanya kazi kwa kipande, siku 30 za kazi ndipo kipande kijae alipwe, na siku aliyougua haikuhesabiwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mzee wako kule Tanga alikuwa namba, na aliporudi akapata kazi kwenye shamba la setla akawa "boi". Hakuna mahali alipokuwa na jina, isipokuwa kwenye daftari la ubatizo na midomoni mwa watoto wake. Na midomo hiyo inazibwa na udongo mmoja mmoja kila mwaka.

Karatasi ziko wapi?

Nilipokuwa nikihangaika na yule mama nilijifunza jambo ambalo shuleni hawakunifundisha, kwamba historia haikai kwenye vitabu peke yake. Nakueleza ili na wewe ukachimbe.

Kwanza, kuna Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, idara iliyoanza mwaka 1963. Humo kuna majalada ya Mjerumani na ya Mwingereza. Kuna vile vitabu vya wilaya, ambamo maofisa wa kikoloni waliandika habari za makabila, watemi, mipaka na mashamba. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka ya mwaka 2002 inasema kumbukumbu za umma zikitimiza miaka 30 zifunguliwe kwa wananchi. Miaka 30! Maana yake mambo mengi ya Operesheni Vijiji yamekwishatimiza umri huo.

Pili, kuna misheni. Walutheri wa Kidugala na Yakobi, na Wakatoliki wa Uwemba, waliandika ubatizo, ndoa na vifo. Padri au mchungaji aliandika jina la baba, la mama na la kijiji. Ukitaka kujua nani aliishi kwenye bonde fulani kabla halijawa shamba la mtu, anza huko.

Tatu, kuna ardhi yenyewe. Zile nguzo za zege za mpima zilizojificha kwenye majani, mistari ya mikaratusi iliyopandwa kama askari gwaride, msingi wa nyumba, birika la kunyweshea ng'ombe, makaburi. Sisi tuliipata nyumba ya yule babu kwa mti wa mpeasi uliobaki peke yake katikati ya mahindi ya watu.

Nne, na hii ndiyo inayokufa haraka, kuna wazee. Usiende na maswali kama polisi. Nenda na salamu, sema kamwene, kaa chini, kubali ulanzi ukipewa, na mwache mzee aanze anapotaka yeye.

Ndivyo tulivyompata bibi mmoja, amepofuka jicho moja. Tulipomwekea ile picha ya veranda karibu na jicho zima, hakuwatazama Wazungu. Aliweka kidole kwenye mkono ulioshika sinia. "Hesabu vidole," akaniambia. Nikahesabu. Vinne. Kimoja kililiwa na korona, ile mashine ya kusindika mkonge, huko Tanga. "Huyu ni baba," akasema bibi.

Yule mama wa Kizungu aliinama akalia. Na mimi sikuona aibu kulia.

"Njoo kesho"

Sasa tuje kwenye kinachoniudhi. Kwa kuwa ile ramani ilizua swali, ambalo nitalieleza hivi punde, nilikwenda kwenye ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, kuomba kuona jalada la shamba lile. Siku ya kwanza nikaambiwa mwenye ufunguo kasafiri. Siku ya pili nikaambiwa nilete barua ya chuo. Nikasema mimi sina chuo, nina cheti cha kidato cha nne na kadi ya kura. Bwana yule akacheka, akasema utafiti si kazi ya kila mtu. Siku ya tatu akaniuliza kama sina hata ya soda. Siku ya nne jalada "limetoka". Limekwenda wapi? Hajui. Amelichukua nani? Hajui. Jalada lina miguu!

Na hapo ujiulize: angekwenda yule mama na ngozi yake na fimbo yake, naye angeambiwa arudi kesho?

Hiyo si sheria, ni mazoea. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi ina siku 30 za kumjibu. Haisemi raia mwenye digrii. Inasema raia. Lakini tangu lini mlalahoi akatajiwa haki yake na anayefaidika na ujinga wake? Ninyi mnaojiita chama cha wakulima na wafanyakazi, kwa nini mkulima akitaka kuona jalada la shamba aambiwe si kazi yake?

Kwa nini wanaogopa jalada?

Nitakwambia kwa nini. Lile shamba la zamani limekwisha, babu wa yule mama aliondoka baada ya Uhuru, na eneo likashikwa na hawa na wale. Pembeni yake kuna bonde ambalo wanakijiji wanalima vinyungu, vile vibustani vya bondeni vinavyowalisha mboga na mahindi mabichi wakati wa kiangazi. Sasa ametokea mnunuzi anayetaka kupanda miti, anasema bonde ni sehemu ya shamba la zamani, na shamba lilikuwa na hati. Wanakijiji wanasema bonde ni lao tangu mababu. Mnunuzi ana wakili. Wanakijiji wana nini? Wana maneno.

Lakini ile ramani kwenye begi la mgeni imeonyesha mpaka wa shamba umepita juu ya bonde, si chini yake. Na bondeni, mpima wa Mwingereza mwenyewe, kwa mkono wake, ameandika kwamba kuna mashamba ya wenyeji. Karatasi ya mkoloni ndiyo inayomtetea Mbena mbele ya Mtanzania mwenzake! Yule mama ameniruhusu kuipiga picha, na nakala iko mikononi mwa wazee. Shauri bado linaendelea, kwa hiyo sitataja kijiji wala mtu. Nasema tu kwamba asingeshuka pale stendi siku ile, bonde lile lingekwenda na maji.

Na wala usidhani jambo hili ni la kijiji kimoja. Historia ya ardhi katika nchi hii ni historia ya kuwanyang'anya watu kwa kuwafanya wasiwe na ushahidi. Mwalimu Nyerere mwaka 1958 aliandika kijitabu kukataa ardhi kugeuzwa mali ya kuuzwa huria, na hoja yake ilikuwa ya maana: maskini akiruhusiwa kuuza atauza, na tajiri atanunua nchi nzima. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu ulifutwa. Sawa. Lakini ardhi haikurudi kwa mwananchi, ilibaki serikalini, Gavana akavuliwa kofia akavishwa Rais.

Ikaja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa kwa malori, wakaacha mashamba na makaburi. Hapo Isimani, Krismasi ya mwaka 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, katika ugomvi uliotokana na shamba na siasa ya ujamaa. Mwamwindi alinyongwa. Simsifu aliyeua, mauaji ni mauaji. Ila nchi yenye akili ingejiuliza: ardhi ina nini hata mtu afikie hapo? Badala yake tulifunga jalada.

Baadaye wenye ardhi zao walipokwenda mahakamani kudai walichonyang'anywa wakati wa vijiji, serikali ilifanya nini? Mwaka 1992 ililetwa bungeni sheria ya kuzifuta haki zao za kimila na kuzifunga kesi zao. Ilibidi Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika kesi ya akina Akonaay mwaka 1994, iseme kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na Katiba inailinda. Na Tume ya Profesa Issa Shivji iliyoundwa mwaka 1991 ilizunguka nchi nzima ikasikiliza wananchi, ikapendekeza ardhi itolewe mikononi mwa Rais, ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji. Serikali ilipokea ripoti, ikashukuru, ikatunga Sera ya Ardhi ya mwaka 1995 inayosema ardhi yote ni ya umma, mdhamini ni Rais. Ndugu zangu, hicho ni kiini macho.

Zikaja sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji. Zina mazuri yake. Kijiji kinatakiwa kuwa na daftari la ardhi, na mwanakijiji anaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila. Ila hati inataka ushahidi wa nani alikuwa wapi na mpaka unapita wapi. Ushahidi huo ni historia, na historia tumewaachia wageni waibebe kwenye mabegi yao.

Kijana, acha kuuza usichokijua

Sasa nakugeukia wewe, kijana mwenzangu wa Makambako, Njombe mjini, Mbeya na Dar es Salaam. Tusiwasingizie vigogo peke yao. Nani anayeuza ekari za ukoo wakati mzee amelazwa? Ni sisi. Njombe ya leo ni ya mbao na maparachichi, na kila anayekuja na gari kubwa anatafuta eneo. Kijana anapiga hesabu ya bodaboda moja, anamshawishi shangazi atie dole gumba, anauza bonde. Mwaka wa pili bodaboda imekuwa chuma chakavu, na yeye anarudi kwenye bonde lile lile kuomba kibarua cha kupalilia miti kwa mwenye nalo. Babu alikuwa manamba kwa kulazimishwa na kodi, mjukuu anakuwa manamba kwa hiari yake na kelele za honi!

Mlisema tuzungumze ajira. Ajira ndiyo hii. Watalii hawaji kuangalia wanyama peke yao. Wapo wanaokuja kutafuta nyumba za babu zao, makaburi yao, shule walizosoma. Yule mama alilipa nyumba ya kulala, chakula, gari, na mkalimani ambaye ni mimi, kwa siku tatu. Lakini kijana asiyejua historia ya mahali pake hana cha kumweleza mgeni zaidi ya kumbebea begi. Na begi tumekwishalibeba vya kutosha.

Kwa hiyo nakupa kazi, na haihitaji digrii. Jumamosi hii nenda kwa mzee wako ukiwa na daftari la kurasa mia. Andika majina saba: wewe, baba, babu, na kuendelea juu kadiri atakavyokumbuka. Andika majirani wa shamba kwa pande nne. Andika lini walihamishwa, nani aliwahamisha, walilipwa nini. Uliza nani alikwenda mkonge na nani hakurudi. Kisha nenda ofisi ya kijiji, uliza daftari la ardhi lilipo. Ukiambiwa njoo kesho, nenda kesho. Ukiambiwa jalada limetoka, andika barua, weka tarehe, baki na nakala, hesabu siku 30. Na kwenye mkutano mkuu wa kijiji usimame uulize mbele ya watu. Viongozi wetu hawaogopi kelele za kijiweni hata kidogo. Barua yenye nakala ndiyo inayowatoa jasho.

Nimalizie na yule bibi. Tulipoagana, mgeni alimwachia ile picha, na akafuta kwa kalamu lile neno "boi". Mimi nikamwomba bibi ruhusa niandike jina la baba yake katika makala haya, ili nchi nzima imjue. Akanikatalia. Kaburi la baba yake halina hata jiwe, akasema, na haifai jina lisomwe na watu wa mbali kabla halijasomwa na wajukuu zake. Kwanza liandikwe kwenye kaburi, ndipo liende gazetini.

Tumekwishachanga saruji. Wewe je, umeanza?

Mwandishi wa makala haya ni mwandishi wa kujitegemea aliyeko Makambako.